Nakshi ya Mboni

Gari la Mzungu mmoja lilinasa kwenye tope mbele ya nyumba ya Kondo, Kisarawe, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Kondo akaenda kulisukuma. Gurudumu likazunguka bila kushika, likimrushia matope mpaka kwenye kofia. Mzungu, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza matairi, akaangaza huku na huku, akauona mkeka barazani, akauchukua na kuutia chini ya gurudumu. Gari likatoka. Akaukung'uta mkeka, akaukunja, akaupakia, akaaga kwa kuinua mkono.

Siwema, mke wa Kondo, alirudi kutoka kisimani na mtungi kichwani.

"Mkeka wa mtoto uko wapi?"

"Kauchukua Mzungu."

"Nawe ukamtazama?"

"Ningemwambia nini, mke wangu?"

Mtoto wao Mboni alikuwa amekufa kwa surua. Baada ya arobaini, Siwema alibuni ukili, utepe wa miyaa iliyosukwa, wenye vipembe vilivyofuatana kama nyayo ndogo, kulia na kushoto, ili mtoto aijue njia ya nyumbani. Akaushona mkeka, akautandika barazani. Tangu hapo, kila Ijumaa alasiri, Mboni alikuja kutoka makaburini, akakaa mkekani, akala karanga, akaondoka. Majirani walimzoea. Biubwa wa nyumba ya pili alilalamika tu kwamba anamwaga maganda.

Siwema alisuka mkeka mwingine wa nakshi ileile, na Mboni akaendelea kuja. Lakini masika ya pili malori ya shamba la mkonge yalipita Kisarawe yakiwa na matairi mapya. Siwema alipotoka kufagia uwanja aliiona nakshi yake imelala barabarani, mistari miwili, inakwenda mpaka macho yanapokoma. Ijumaa ile Mboni alifika kwenye kona, akatazama chini, akageuka akazifuata alama za malori.

Baada ya hapo habari zake zililetwa na wapita njia. Alionekana Kwala. Mlandizi alipewa uji. Muuza samaki mmoja alimkuta Zegereni, amekaa kando ya njia akichomoa mwiba mguuni. Akamsaidia, akaendelea na safari yake.

Kondo na Siwema wakaenda kwa miguu mpaka Kibaha, ambako yule Mzungu alikuwa akikagua malori ya shamba. Karani wa shamba, Twalibu, alitafsiri.

"Mwambie nakshi ile ni ya mwanangu," Siwema alisema. "Anaifuata, harudi nyumbani."

Mzungu alisikiliza vizuri, akauliza jambo.

"Bwana anauliza, kuna mtoto aliyegongwa?"

"Hapana. Alikwisha kufa."

Twalibu akatafsiri. Mzungu akashusha pumzi.

"Bwana anasema matairi haya hayatelezi hata kidogo. Anasema pia nakshi hiyo sasa ni mali ya kampuni, imesajiliwa Ulaya. Mama, usiisuke tena, usije ukashtakiwa."

"Hata mkeka wa kulalia mwenyewe?"

Twalibu hakulitafsiri hilo. Alitazama viatu vyake.

Wakaenda kukaa kando ya barabara ya Morogoro. Jua lilipoanza kupoa Mboni akatokea, vumbi mpaka magotini, amekonda kidogo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula njiani."

"Twende nyumbani, mwanangu."

"Ndiko ninakokwenda," Mboni alisema, akionyesha alama za matairi zilizoelekea Morogoro.

Siwema alimfuta uso kwa upindo wa kanga. Wakati huo lori jingine likapita kuelekea Dar es Salaam, na nyuma yake nakshi ileile ikabaki mavumbini. Mboni akasimama katikati ya barabara, akatazama huku, akatazama kule.

"Nifuate ipi, mama?"

Siwema alifikiri.

"Fuata ya Dar es Salaam," akasema. "Shangazi yako Biasha anakaa Kariakoo. Mwambie akutafutie viatu."