Meza ya Mninga Nyumbani kwa Fabiani

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, Keza iliamka na ukungu mzito, na manyunyu hayakukatika mpaka saa nne. Siku ya namna hiyo fundi wa vanishi hukaa nyumbani kwake, maana vanishi haikauki vizuri hewa ikiwa na maji. Lakini Laurian alipanda bodaboda kutoka Rulenge, kopo lake limefungwa kwenye nailoni na kupakatwa kama mtoto, kwa sababu Fabiani alikuwa amempigia simu kwamba wageni wa posa wanakuja Jumamosi na meza haitazamiki.

Ilikuwa meza nzuri. Mbao zake zilikuwa mninga mtupu, nyekundu, zenye mistari kama ya maji yanayotembea, na miguu yake ilikuwa imechongwa kwa subira. Lakini katikati vanishi ilikuwa imepata weupe, kama kioo kilichopumuliwa. Doa hilo lilikuwa na urefu wa mtu mzima, kichwa upande wa kabati, miguu upande wa mlango.

"Mlimwaga nini?" Laurian aliuliza.

"Hatukumwaga kitu," alisema Scola, mke wa Fabiani. "Ni shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Benedicto, kaka yake Fabiani. Tulimzika mwezi wa tatu. Anakuja saa tisa, analala hapo, kengele ya jioni ikilia anaondoka. Mimi kulala kwake hakunisumbui. Kinachonisumbua ni hili doa."

Laurian aliinama akalitazama doa kutoka ubavuni, dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Analala na koti au bila koti?"

"Na koti. Lile la maziko."

"Basi ni unyevu," alisema Laurian. "Koti la kaburini halikauki."

Aliomba majivu ya jikoni yaliyochekechwa na mafuta ya kula kidogo. Alichanganya, akachovya kitambaa cha pamba, akasugua taratibu kufuata mistari ya mbao. Weupe wa juu ulitoka. Wa ndani ulibaki, hasa penye mabega, na Laurian akasema pale lazima apige msasa na kuanza upya.

Alikuwa bado anapiga msasa Benedicto alipoingia. Alivua viatu mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," waliitikia wote.

"Shikamoo, mzee," alisema Laurian.

"Marahaba. Naona umenivua shuka."

"Samahani, mzee. Leo na kesho itabidi ukae kwenye kiti. Ukilala juu ya vanishi mbichi utanasa."

Benedicto alikubali. Scola alitandika nailoni kwenye kigoda kilichokuwa karibu na ukuta, naye akakaa, akinyoosha goti lake la kulia ambalo lilikuwa bovu tangu akiwa hai.

Habari ya mbao za meza ile ilijulikana Keza nzima. Kama wazee kadhaa wa pale, Benedicto alikuwa amejiwekea mbao za jeneza lake mapema. Alizinunua Biharamulo, akazipandisha darini juu ya jiko ili moshi uzikaushe, na kila mwaka baada ya mavuno alizigeuza. Kisha akafia safarini, pale Lusahunga, na madereva wema waliomfahamu wakamnunulia jeneza la mkaratusi lililokuwa linauzwa kando ya barabara. Akaletwa akiwa tayari ndani yake. Tecla, mke wake, alisema mbao zishushwe na mumewe atengenezewe jeneza lake. Fabiani alitazama mawingu akasema mvua inakuja, watu wazike. Walizika. Mvua haikunyesha. Wiki iliyofuata Fabiani alizishusha mbao, akasema ni dhambi kuacha mninga uliwe na wadudu, akachongesha meza.

"Mkaratusi umejikunja," Benedicto alimweleza Laurian, kwa sauti ya mtu anayezungumzia nyumba ya kupanga. "Ubao wa ubavuni umeniingia mbavuni. Sina ugomvi na mtu. Nakuja tu kujinyoosha."

Siku ya Ijumaa Laurian alipaka vanishi asubuhi, akafunga madirisha ili vumbi lisiingie. Alasiri jumuiya ilifika kwa Fabiani kusali rozari, kwa kuwa Oktoba ndio mwezi wake. Walikaa mbali na meza. Benedicto aliongoza fungu la tatu kutoka kwenye kigoda, na watu walisema baadaye kwamba aliongoza vizuri, bila haraka.

Tecla alikaa kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa pamoja tangu msiba, ingawa njia ya Benedicto kutoka kaburini kwenda kwa Fabiani ilipita mbele ya mlango wa Tecla; hakuwa ameingia hata siku moja.

"Mbona kwangu unapita tu?" alimuuliza.

"Mtu aliyechoka huenda kilipo kitanda chake, mama Irine."

"Na ukirudishiwa?"

"Nitalala. Sitatembea tena."

Tecla alilitazama lile goti. Kisha akasimama mbele ya jumuiya nzima.

"Fabiani, mrudishie kaka yako mbao zake. Nitamkosa, lakini apumzike. Kile kilima cha kutoka kaburini kinamuua."

Hakuna aliyecheka, wala Benedicto.

Katekista Idefonsi aliuliza kama kuna mtu anayebisha kwamba mbao ni za Benedicto. Hakuna aliyebisha. Fabiani ndiye aliyetikisa kichwa kwanza.

"Ni zake kabisa," alisema. "Nani amekataa? Lakini si mbao tena, shemeji. Imeshakuwa meza."

"Fundi," Tecla alimgeukia Laurian, "meza haiwezi kuwa jeneza?"

"Inaweza," alisema Laurian. "Nikianza asubuhi, jioni mnazika upya."

"Nimekuita kwa vanishi," alisema Fabiani.

"Ndiyo. Ila nimeulizwa."

"Na wageni kesho wale wapi?" Scola aliingilia. "Mkekani? Binti yetu Happyness aolewe kutoka nyumba isiyo na meza?"

Mzee mmoja wa jumuiya alipendekeza Benedicto atandikiwe turubai kila akija. Mwingine alisema turubai litamtoa jasho. Mjadala ukahamia huko, ukachukua muda mrefu, na kila mtu alikuwa na rai juu ya turubai. Mwisho Laurian aliulizwa kama ipo vanishi inayoweza kumvumilia marehemu, akasema ipo ile ya milango inayopigwa na mvua. Watu walishukuru Mungu kwamba jambo limepata ufumbuzi, wakafunga kwa Salamu Maria. Tecla hakuitikia.

Jumamosi jua liliwaka. Meza ilikuwa iking'aa kiasi kwamba Scola alifunga utaji wake akijitazama humo kama kwenye kioo. Wageni walifika kutoka Biharamulo, wakiongozwa na baba wa kijana, mzee Jeremia, mtu mnene mwenye adabu. Laurian aliombwa abaki ale. Tecla alikuwapo, maana binti huposwa mbele ya mama zake wote.

Saa tisa wali ulikuwa mezani. Benedicto aliingia, akasalimu, akavua viatu, akapanda. Mzee Jeremia alisogeza bakuli la mchuzi ili lisikae karibu na kiwiko chake.

"Karibu, mzee wangu. Tusikubane?"

"Hapana. Kuleni tu."

Walikula wakimzunguka. Mshenga aliomba chumvi, na Benedicto akampitishia. Kisha mzee Jeremia alipapasa ukingo wa meza.

"Huu mninga ni wa kwetu. Ni meza ya nani?"

"Ya marehemu kaka," alisema Fabiani, akionyesha kwa kijiko. "Huyu hapa."

"Una moyo mkubwa kumtunzia."

Fabiani aliguswa sana na maneno hayo. Alisimama, akafuta mdomo, macho yake yakilengwa na machozi ya kweli.

"Wageni wangu, katekista, shemeji yangu Tecla, nyote mashahidi. Naahidi mbele ya Mungu kwamba meza hii haitakosa vanishi maisha yangu yote. Kaka alale hapa atakavyo. Sitamfukuza kamwe."

Vigelegele vilipigwa. Katekista alisema amina. Benedicto alifumba macho na kugeuka ubavu, akipunguza uzito kwenye goti.

Tecla alisimama naye. Alisubiri mpaka vigelegele viishe.

"Na mimi naahidi, mbele ya mashahidi hao hao," alisema. "Kila siku saa tisa nitakuja kula na mume wangu, hapa, upande wa kichwa. Nitakuja na sufuria yangu ikitoka motoni, na nitaitua juu ya meza yake, palepale kwenye vanishi, bila kitambaa."