Tumbo la Reuben na Fahali Mwekundu

Emanikor alipofika Lodwar hakuanza na ejok, salamu ya kwao. Alisimama mlangoni kwa dada yake, fimbo begani, vumbi la Kakuma bado kwenye nyusi, akamtazama shemeji yake aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akila wali. Akalitazama tumbo. Akalizunguka kwa macho taratibu, kama mtu anayetaka kununua ngamia.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hiyo mimba ni ya nani?"

Reuben alicheka mpaka wali ukampalia. Nakaale hakucheka. Alimjua kaka yake: hawezi kupanda gari kutoka Kakuma kuleta utani mtupu.

"Mzee amesema mvua imenyesha, nyasi iko," Emanikor aliendelea, sasa ameketi na sahani yake. "Mwezi huu ukiisha, na ule mwingine ukiisha, mje. Arusi ifanywe. Fahali ni ule mwekundu."

Nakaale akaweka sufuria chini. "Ule mwekundu? Kwani Baba hana mwingine?"

"Ako nao wengi. Lakini ametaka ule."

Fahali mwekundu hakuwahi kufungwa kamba tangu azaliwe. Emanikor mwenyewe alikuwa amerushwa naye juu ya ua wa miiba, na mpaka leo akikaa hukaa upande mmoja. Na mila ya boma la mzee Lochakapong ni hii: bwana arusi huingia zizini na mkuki mbele ya wakwe wote, anazunguka na fahali kwa miguu yake mwenyewe mpaka ampate kwa upande wa kulia, halafu anamwangusha. Akishindwa, siku hiyo hakuna arusi. Anarudi kwao kutafuta mifugo mingine, na watoto wanabaki kuhesabiwa wa babu yao.

Nakaale alikuwa amekaa na Reuben tangu kabla ya kifungua mimba wao, Awoi, ambaye sasa alikuwa aking'oka meno ya utoto. Mbuzi na ngamia za mahari zilikuwa zimekwenda kidogo kidogo mpaka zikatimia. Kilichobaki ni fahali tu. Na mpaka fahali aanguke, Nakaale, mama wa watoto wawili, alikuwa bado msichana wa Lochakapong. Wenzake wa rika walivaa shingoni ile pete ya chuma ya mwanamke aliyeolewa. Shingo yake ilikuwa tupu.

Akamgeukia mumewe. Reuben alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja pale mjini, na kazi yake ilikuwa kukaa. Tumbo lake lilikuwa limepata tabia ya kutangulia: lilifika mlangoni, likapiga hodi, ndipo Reuben mwenyewe akatokea. Akiinama kufunga viatu alihema kama amepanda mlima. Mtu kama huyo azunguke na fahali?

Kwanza Nakaale alijaribu chakula. Ugali ukawa sawa na ngumi ya Awoi, mchuzi ukawa maji yaliyopitiwa na nyanya. Reuben alivumilia kama mtu aliye kanisani. Kisha akaanza kuugombeza mlango, akaigombeza redio, akamgombeza jogoo wa jirani. Jioni alitoka kazini akajishikilia ukutani mpaka ndani.

"Mama Awoi, nitamwangusha fahali kwa nguvu gani? Saa hii hata kuku ananishinda."

Na tumbo halikwenda popote. Uso ndio uliopungua, kwa hiyo tumbo likaonekana kubwa zaidi.

Basi Nakaale akageuza. Chakula akakirudisha kama zamani, akamwambia mumewe awe anakimbia kila alfajiri mpaka daraja la Turkwel na kurudi. Reuben alikubali upesi mno. Alinunua viatu vya mbio, vya rangi ya ndimu. Kila asubuhi alirudi akidondoka maji, akaketi mezani kama mfalme aliyetoka vitani. "Nimekimbia, mama Awoi. Ongeza." Akaongezwa. Suruali ikakataa kufunga kifungo.

Nakaale alikuwa mtu wa kutazama. Alikua akichunga mbuzi, na mchunga mbuzi lazima ajue yupi amekunywa na yupi amelowesha mdomo tu. Akamtazama mumewe anaporudi. Uso umelowa. Kifua kimelowa. Mgongo mkavu kama ngozi iliyoanikwa. Mtu akikimbia, mgongo ndio hulia kwanza. Tena vidole vilinukia mafuta ya kukaangia, na saa hiyo kando ya daraja aliyekuwa akikaanga ni mmoja tu.

Alimpa chai. Kesho yake akaondoka mapema na mtungi, akisema anakwenda kuteka maji kabla foleni haijawa ndefu.

Alikuwa ameketi ndani ya kibanda cha Mama Shalom, mkaangaji huyo, kikombe mkononi, pikipiki iliposimama nje. Reuben akashuka, viatu vya ndimu vinang'aa, kitambaa shingoni.

"Bingwa!" Mama Shalom aliita bila kugeuka kwenye kikaango. "Zako nne ziko tayari. Nikuwekee na maharagwe, ama leo unakimbia nyepesi?"

"Weka na mayai. Leo nimechoka."

"Boss," mwenye pikipiki aliuliza, "nikungoje kama kila siku?"

Hapo ndipo Reuben alipomwona mkewe.

"Ejok, baba Awoi," alisema Nakaale.

"Ejok… ejok noi. Nilikuwa nimepita tu kusalimia."

"Salimia basi. Chapati zinapoa."

Mama Shalom akageuka, mwiko juu. "Uui! Huyu ndiye bibi yako? Si ulisema anakulisha kama ndege?"

"Sikusema hivyo!"

"Ulisema! Nami nikashangaa ni ndege gani mwenye kitambi namna hii. Nikasema labda ni mbuni."

Mwenye pikipiki akaiacha pikipiki yake ianguke kwa kicheko. Reuben akala chapati moja amesimama.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mtungi katikati yao. Nakaale akasema, polepole, kama mtu anayeongea na njia:

"Kule kwetu kukiwa na sherehe, unajua mimi nakaa wapi?"

"Na wanawake wenzako."

"Nakaa na wasichana. Wananiuliza kama nimepata mchumba."

Reuben akasimama.

"Watoto wawili," alisema Nakaale, "na naulizwa kama nimepata mchumba. Mimi nacheka nao. Nitafanya nini?"

Reuben aliuchukua mtungi, akauweka begani kwake, na hakuuteremsha mpaka nyumbani. Alipofika mgongo wake ulikuwa umelowa.

"Na mimi nilikosea," Nakaale alimwambia akimpa maji. "Nilikupa njaa bila kazi, halafu nikakupa kazi bila kiasi. Ukifunga tu, nguvu zinakimbia na tumbo linabaki. Ukikimbia tu, njaa inakimbia nyuma yako na inakushinda mbio. Ni vitu vya kusokotwa pamoja. Kamba ya uzi mmoja haifungi ngamia."

Tangu siku hiyo walisokota. Alfajiri walitoka wawili, walipanda kilima nyuma ya mji mpaka mapaa ya mabati yaanze kung'aa, Reuben akihema na Nakaale akimngoja mbele bila kumwambia haraka. Baada ya siku kadhaa walianza kukimbia mahali pa tambarare. Pikipiki zikipita zikipiga honi, Reuben aliangalia upande mwingine kama mtu aliyeacha pombe. Nyumbani kulikuwa na zoezi la kulala juu ya viwiko, mwili umenyooka kama ubao, na Awoi akaona hicho ni kiti kizuri, akakaa juu na mdogo wake. Chai ikapunguziwa sukari mpaka Reuben akauliza kama ni chai au ni habari ya chai. Soda ikahamia kwa wageni. Asubuhi alikula yai na maharagwe badala ya mandazi. Mchana alibeba chakula chake ofisini, samaki wa ziwani na mboga nyingi, ugali kwa kiasi. Usiku alikula mapema na kidogo, lakini hakulala njaa. Wenzake kazini wakamwita mgonjwa wa sukari. Shangazi yake akaja mbio kutoka Kainuk na kibuyu cha mafuta ya kondoo, analia: "Ofisi imekufukuza? Ama ni kifua?" Mafuta yakapokelewa kwa heshima, yakapelekwa kwa jirani.

Tumbo halikuisha kama linavyoisha kwenye picha. Lilirudi nyuma tu, siku kwa siku, kama maji ya ziwa wakati wa kiangazi, mpaka Reuben akawa anafika mlangoni pamoja nalo.

Mwezi ule mwingine ukaisha, wakaenda Kakuma.

Asubuhi ya arusi Reuben, aliyelala na wenzake katika boma la jirani, hakuweza kukaa. Mwili ulikuwa umezoea. Jua halijatoka, akavaa kaptura yake nyekundu na viatu vya ndimu, akateremka kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, akaanza kukimbia.

Sasa, kule mtu mzima hakimbii bure. Mtu mzima akikimbia peke yake alfajiri, ama mbuzi zake zimechukuliwa, ama yeye ndiye aliyezichukua, ama adui yuko nyuma anakuja. Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji kisimani aliona kaptura nyekundu ikipita, akaacha kata, akapiga ukemi. Wanaume wakatoka vibandani na fimbo na chochote kilichokuwa karibu. Mbwa wakalia. Mtu mmoja akavuta mti wa miiba wa lango ili mifugo itolewe ifichwe, na fahali mwekundu, ambaye labda alikuwa akiingoja asubuhi hiyo tangu azaliwe, akatoka.

Nakaale alifika ukingoni mwa laga akiwa na Immaculée, rafiki yake wa kambi ya wakimbizi, Mkongomani aliyekuwa akibadilishana naye unga kwa kuni tangu usichana wao. Immaculée alikuwa amekwisha jifunga kitenge cha arusi.

"Ule haiko bwana yako?"

"Ni yeye."

"Iko nakimbia nini?"

"Anakimbia tumbo."

Immaculée akakinga macho kwa kiganja. "Na tumbo iko wapi? Mi siioni."

Lakini Nakaale hakuweza kucheka. Fahali alikuwa amempita Reuben na anashika njia ya magharibi. Akipotea, arusi imepotea naye. Emanikor na vijana wakamtimkia. Walimpita Reuben kama upepo, na Emanikor hakukosa neno: "Shemeji, rudi ukae kivulini!" Reuben aligeuka tu, akafuata, mwendo uleule wa kilimani, si wa haraka wala si wa pole.

Kabla ya kona vijana wakaanza kukatika, mmoja mmoja. Emanikor aliketi mchangani ameshika ubavu, akitema tumbaku. Kaptura nyekundu ikampita, ikaingia nyuma ya mikoma, ikapotea.

Jua likatoka. Watu walikuwa wamekwisha jua kwamba hakuna adui. Wakasimama ukingoni, wakinong'ona. Mzee Lochakapong akaja na kigoda chake, akasimama kando ya binti yake. Nakaale hakutoa macho pale kwenye kona. Alijua kutazama. Lakini siku hiyo kutazama kulimuuma machoni kama moshi.

Halafu vumbi. Fahali alitokea kwanza, anatembea, kichwa chini, mate yanamning'inia mpaka mchangani. Nyuma yake Reuben, tawi la mkoma mkononi, anampigia mluzi kama mchungaji wa kawaida anayerudisha ndama. Jasho la mgongo wake lingetosha kuoshea vyombo.

Alimwingiza zizini mwenyewe. Akapewa mkuki palepale, akiwa bado na kaptura yake. Fahali alijaribu kumgeukia, akazunguka, Reuben akazunguka naye. Akazunguka tena, Reuben yupo. Upande wa kulia ukafunguka. Akachoma mara moja, na fahali akapiga magoti, akalala.

Emanikor, aliyefika wa mwisho akichechemea, akasema kwa sauti: "Mzee, hii si haki. Fahali alikuwa amechoka!"

Lochakapong akamtazama mwanawe. "Amechoshwa na nani?"

Emanikor akajipangusa mchanga makalioni.

"Na wewe wakati huo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa kidogo."

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwatoa kunguru mitini. Mzee akawaita Awoi na mdogo wake, akawashika mikono, akawapeleka mpaka mbele ya baba yao, akawaacha pale. Reuben alijaribu kuwabeba wote wawili, akakumbuka damu na jasho, akawabeba hivyo hivyo.

Akina mama wakamchukua Nakaale ndani ya kibanda. Alipotoka alikuwa na pete ya chuma shingoni, nzito, baridi bado, na alitembea wima kwa sababu pete hiyo haikuachii kuinama ovyo. Nyama ilikuwa imekwisha wekwa motoni. Mmoja wa wake za kaka zake akapaza sauti kutoka jikoni:

"Mke wa Reuben! Leta maji!"

Nakaale aliendelea kutembea. Immaculée akamgusa kiwiko.

"Mama, ni weye banaita."

"Nimesikia," alisema Nakaale. "Waache waite tena."