Diwani Aliyejifungia kwa Dada Yake

Mshonaji alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya shule wakati mdogo wake alipoingia mbio kwa mlango wa nyuma, shati limelowa jasho.

"Dada, funga mlango. Wanakuja."

"Akina nani?"

"Wote."

Mwezi uliopita watu hao hao walikuwa wamembeba juujuu mtaa mzima. Walimchagua awe diwani kwa sababu moja tu: aliapa kwamba soko halitahamishwa. Asubuhi hiyo, katika kikao cha kwanza cha baraza, aliunga mkono hoja kwamba lihamishwe nje ya mji, kupisha maegesho ya magari. Habari ilimtangulia mtaani.

Dada akatia komeo. Mdogo wake akajifungia chumbani, na kabati likasikika likiburutwa hadi mlangoni.

Dirishani dada aliwaona wauza mboga, fundi viatu na mama wa mitumba. Mbele yao alisimama Bonge, muuza nyama, aproni yake bado ina damu. Hawakupiga kelele.

"Dada fundi," Bonge aliita, akigonga taratibu. "Mtoe tuongee naye."

"Hayupo!"

"Mbona viatu vyake viko hapo nyuma?"

Mtu mmoja akacheka. Mara jiwe likatua juu ya bati, paa!

"Nani huyo?" Bonge alifoka. "Tumekuja kuongea, hatukuja kubomoa!"

Mshonaji alikwenda kwenye mlango wa chumba.

"Toka."

"Wataniua, dada."

"Kwa nini uliunga mkono?"

"Mwenyekiti alisema wenzangu wameshakubali. Nikaona mikono yote iko juu. Niliogopa kubaki peke yangu."

"Basi kawaambie hivyo hivyo. Natoka na wewe."

Kabati likaburutwa tena. Walitoka, dada kamshika mkono kama anayempeleka hospitali. Mdogo wake akasema yote. Hakuna aliyempigia makofi.

"Uliogopa?" mama wa mitumba alimuuliza. "Mimi nina watoto wanne na meza moja ya nguo. Nikaogopee wapi?"

"Kesho unarudi kule," Bonge alisema. "Utaifuta kauli yako, na sisi tutakuwa nyuma yako."

Alirudi, akaifuta, wao wamejaa ukumbini hadi kwenye ngazi. Mwenyekiti akasema uamuzi umeshapita, ila utaangaliwa upya kikao kijacho. Hakuahidi lolote zaidi.

Soko bado lipo. Kila lori kubwa likipita, wauzaji huinua shingo kuangalia kama limebeba tingatinga. Siku hizi diwani hupita kila asubuhi, meza kwa meza, akiwasalimia. Bonge humjibu kwa mkato. Mama wa mitumba hukunja nguo zake, hamwitikii.