Boliti ya Sesilia

Efrazia alikuwa na majivuno, tusifichane. Katika gereji yake, juu kidogo ya soko la Lushoto, alitundika spana za aina tatu, kila aina na ukuta wake. Ukuta wa kwanza ulikuwa wa milimita, na hizo kila fundi anazo. Wa pili ulikuwa wa inchi. Wa tatu ulikuwa wa Whitworth, vipimo vya Waingereza wa zamani, na hizo yeye aliziita spana za babu. Ole wake aliyezigusa. Spana ya babu haiandikwi upana wa kichwa cha nati kama wenzake. Huandikwa unene wa boliti yenyewe, kwa hiyo asiyejua anachukua iliyoandikwa robo ya inchi, halafu anashangaa mbona imemeza nati kubwa hivyo. Efrazia alikuwa hashangai, na alitaka Lushoto nzima ijue kwamba hashangai.

Ndiyo maana Athumani, mkulima wa kabichi wa Lukozi, alimpelekea Land Rover aliyoachiwa na baba yake, gari la miaka ya hamsini. Lilikuwa linachemsha kila likipanda kilima, na huku milimani ukiondoa uwanja wa mpira, kila mahali ni kilima. Nyumbani kwa Athumani walishachoka kuteremka njiani na ndoo za maji. Yassin, fundi wa Mombo, alikuwa tayari na injini ya Kijapani. Walipatana kwamba Jumamosi injini ya zamani ing'olewe, iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ila Athumani roho ilikuwa inamuuma, akamwomba Efrazia aitazame kwanza.

Mwingine angesema atajaribu. Efrazia alisimama mbele ya mgahawa wa chai, watu wamejaa, akasema gari hili litapanda kutoka Mombo mpaka Lushoto kwa injini yake yenyewe, bila kuchemsha. Likishindwa, wakishang'oa injini wang'oe na kibao cha gereji yake.

Ugonjwa aliuona mapema. Pampu ya maji ilikuwa imefungwa kwa boliti za babu, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa ya milimita nane, fundi fulani asiyejulikana aliisukumia humo siku nyingi zilizopita. Mkononi boliti hizo mbili ni mapacha. Tofauti iko kwenye nyuzi, ile mizunguko iliyochongwa, kwani za babu zimebanana zaidi. Ukiingiza ya milimita kwenye tundu la babu, inazunguka mara mbili kwa ulaini kama mgeni aliyekaribishwa, halafu inagoma. Huyo fundi ilipomgomea aliizungushia nailoni, akafunika na gundi, akaenda zake. Kila kilima maji yalitokea hapo.

Yassin alipopanda kuona, alishauri waikaze kwa nguvu, wavishe spana kipande cha bomba ili mkono uwe mrefu. Efrazia alikataa katakata. Kwake boliti huingia kwa vidole mpaka ikae, spana ni ya kumalizia tu. Ukilazimisha, utapasua injini ya watu. Zaidi ya hapo, alimulika tundu kwa tochi akaona nyuzi za ndani bado nzima. Ilitakiwa boliti moja tu, ya babu, ndefu kidogo.

Boliti hiyo haikuwepo. Alimwaga makopo yake yote sakafuni, akapekua kwa wauza vyuma chakavu, akaulizia mpaka Lukozi. Fundi wa kuchonga alikuwa Tanga, na kazi yake isingekuwa tayari kabla ya wiki ijayo. Ijumaa asubuhi Efrazia alikitazama kibao chake, jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu. Hapo ndipo alipomkumbuka Sesilia wa Soni.

Sesilia alikuwa na mashine ya kusaga. Siku hizi ilizungushwa kwa umeme, lakini pembeni ilibaki injini ya zamani ya Kiingereza iliyosaga unga wa Soni kwa miaka. Bibi huyo aliipangusa mafuta kila wiki, na wanunuzi wa vyuma chakavu alikuwa akiwafukuza kwa ufagio. Efrazia alipanda bodaboda, akafika, akatoa shikamoo, akaeleza shida yake.

"Hapa si duka la spea," Sesilia alimjibu. Injini ile ndiyo iliyowasomesha wanawe, akasema. Leo ukitoa boliti, kesho atakuja mwingine kutaka gurudumu.

Efrazia hakuzoea kuomba. Alikaa juu ya gunia la mahindi, majivuno yake akayaacha mlangoni.

"Mama, yako imestaafu, inaweza kusubiri nyingine ichongwe Tanga, na nitaifunga mwenyewe. Ya Athumani kesho inakwenda kukatwa vipande. Mimi nataka zote mbili zibaki."

Sesilia alisogea akaweka kiganja juu ya injini yake. Kisha akasema boliti ataitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kesho gari likipita Soni limchukue. Efrazia, ambaye hakuwahi kumwachia mtu spana ya babu, alitoa moja mfukoni akamkabidhi. Ilikaa barabara. Bibi akafungua taratibu, machozi yanamlenga.

Jioni ile boliti iliingia kwenye pampu kwa vidole, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mwisho. Efrazia alicheka peke yake chini ya boneti.

Jumamosi waliteremka Mombo, wakageuza, wakaanza kupanda, Yassin nyuma yao kwa pikipiki. Soni walimkuta Sesilia barabarani, amejifunga kanga mpya, wakamketisha mbele. Kona baada ya kona Athumani aliendesha huku anasubiri mvuke. Mvuke haukuja. Lushoto walipokelewa na umati mbele ya mgahawa, na Athumani alipozima gari alikuwa analia waziwazi. Alimwambia Yassin injini yake aitafutie mtu mwingine. Yassin alipitisha kidole chini ya pampu, akakitoa kikavu, akampa Efrazia mkono kwa moyo mweupe.

Efrazia alikuwa ameandaa maneno tangu Mombo, mengi na matamu, yote ya kujisifu. Alivuta pumzi ayaanze.

"Fungua boneti waione," Sesilia alimkatiza, akishuka kwa kushikilia mlango.

Efrazia akayameza maneno yake, akafungua. Bibi aliinama mbele ya watu wote, akaweka kidole juu ya kichwa cha boliti.

"Hii," akasema, "imetoka Soni."

Watu wakasogea kuitazama, na Efrazia akawapisha.