Masharubu ya Lyle Brandvold

Mwaka 1949 runinga ilikuwa bado changa hata kule New York, na kipindi cha nyimbo na ngoma cha kila Alhamisi kilikwenda hewani papo hapo. Ukikosea, umekosea mbele ya umma. Verna Kostka, binti wa mchimba makaa wa Scranton, alikuwa akiimba humo kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilipakwa rangi ya hudhurungi, maana kamera za siku hizo hazikuelewana na wekundu, na taa zilikuwa na joto la kukaangia mayai.

Mwenzake, Lyle Brandvold, alivaa kama kapteni wa jeshi, na masharubu manene ya kubandika.

"Gundi inayeyuka," alinong'ona pazia lilipokaribia kufunguliwa. "Naona yanatambaa."

"Usiyaguse. Ukiyagusa tu, umekwisha."

Wimbo wao ulikuwa wa wapenzi wanaoagana. Beti mbili zilitiririka kama maji. Kisha Lyle akambusu kama walivyofanya mazoezini, akajitenga, akamtazama, akabaki kakodoa macho. Zamu yake ya kuimba ikapita. Verna akadhani kasahau maneno, akamsaidia kwa kuimba yeye, mkono kifuani, uchungu wote usoni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akashangaa: watu gani hawa wanaocheka mtu akiachwa?

Ndipo alipoitupia jicho runinga ndogo iliyokuwa pembeni mwa jukwaa, akamwona mwanamke wa gauni la hariri, mwenye masharubu.

Murray Zeller, msimamizi wa jukwaa, alikuwa akimpungia mikono ageuke ayabandue. Lakini kicheko kilishampanda Verna kutoka tumboni, na akajua akigeuka tu ataanguka nacho. Akaisokota ncha ya sharubu, akatunisha kifua, akaimba sehemu ya kapteni kwa sauti nzito ya baba yake. Lyle hakuchelewa: alimvua mtandio, akajitanda, akamjibu kwa sauti nyembamba ya bibi harusi. Mpiga ngoma akanogewa. Picha ikaanza kutikisika, kwa kuwa mshika kamera alikuwa hoi kwa kicheko.

Pazia lilipofungwa, Zeller alikuwa anafuta machozi.

"Nani kawaambia mfanye vile?"

"Hakuna, bwana."

"Basi Alhamisi mrudie vilevile."

Wakarudia. Safari hii masharubu yaling'ang'ania kwa Lyle kama kupe. Alimbusu Verna mara moja, yakabaki palepale. Akambusu tena, wapi. Watazamaji wakaanza kukohoa. Busu la tatu likawa refu, kisha likawa refu zaidi, na bendi ikauzungusha wimbo toka mwanzo, na hao wawili wala habari hawana. Zeller alifunga pazia mwenyewe.

"Lile la mwisho halikuwa la kuhamisha masharubu," Verna alisema, akihema.

"Masharubu gani?" akauliza Lyle.

Kesho yake mama yake Verna alipiga simu kutoka duka la jirani yao, ambako mtaa mzima ulikuwa umekitazama kipindi kwenye runinga.

"Yule bwana anafanya kazi gani?"

"Anaimba, Mama."

"Nimesikia anaimba. Nauliza kazi." Akasikika akiwanyamazisha majirani. "Haya, mlete Jumapili. Anaonekana hajala."