Lundo la Bwana Mboji

Kinyala nzima hakukuwa na mtu aliyependa uchafu kama Asajile. Maganda ya ndizi, mavi ya ng'ombe, matawi ya miparachichi aliyoyapogoa, matunda yaliyooza kabla hayajachumwa, vyote alivirundika nyuma ya jiko, akavimwagia maji, akavifunika kwa majani ya migomba na kuvisubiri. Asubuhi za baridi, na baridi ya Rungwe haina utani, lundo lile lilifuka moshi kama chungu cha makande. Ukichomeka mkono ndani, unautoa mwenyewe bila kuambiwa. Watu walimwita Bwana Mboji, naye aliliitikia jina hilo kwa furaha kuliko lile alilopewa na baba yake.

Mkewe, Alinanuswe, alilipendea lundo lile joto lake. Miaka ya nyuma aliugua kifua kikuu, akameza dawa mpaka akapona kabisa, ila baridi haikumwacha tena. Akimaliza kukamua, huvuta kigoda chake akakaa kando ya lundo na kikombe cha chai, mumewe akiligeuza kwa jembe uma. Unga wa kijivu ukiruka, yeye hupunga kanga mbele ya uso na kuendelea na habari za jirani.

"Iko siku huo moto wako utanipikia ugali," alimtania.

"Ukiiva utakula peke yako."

Miparachichi nayo ilikuwa na maradhi yake. Tunda lenye doa jeusi mnunuzi halitazami mara mbili, kwa hiyo Asajile alipuliza dawa ya ukungu. Kibandiko kilisema kizibo kimoja kwa bomba. Yeye aliweka viwili, maana kwake dawa ilikuwa kama chumvi, ikipungua hakuna ladha. Madoa yaliporudi, akaongeza kizibo cha tatu. Matawi yaliyopogolewa, na dawa yake juu, yakaenda kwenye lundo kama kawaida.

Mwezi wa Juni kikohozi cha Alinanuswe kilirudi, na safari hii kilikuja na damu.

Hospitalini Tukuyu walipima kifua kikuu, hakikuwepo. Daktari Emiliani, kijana wa Rombo aliyepangiwa kazi huku na bado hajazoea mvua zetu, alimwonyesha Asajile picha ya kifua. Palepale ugonjwa wa zamani ulipochimba shimo kwenye pafu, paliota kuvu, donge zima limekaa humo kama ndege ndani ya kiota. Akamwanzishia mama vidonge na kumlaza. Wiki zikapita. Vidonge viliingia, damu ikaendelea kutoka. Daktari akachukua makohozi, akayatuma Dar es Salaam yakachunguzwe vizuri.

Alinanuswe alikonda, lakini adabu yake haikukonda. Alipewa barakoa, na kila aliyeingia wodini kumsalimia aliivuta hadi kidevuni ndipo aitikie. Nesi alimgombeza mpaka akachoka.

"Mwanangu," alimwambia nesi, "mtu amenipa salamu, mimi nimjibu kwa kitambaa? Nimelelewa mimi."

Jumapili Asajile alikwenda kanisani peke yake. Baada ya ibada watu walimzunguka, na mbele yao Lugano, mzee wa kanisa na jirani yake wa mpaka mmoja. Lugano alimuuliza wamsaidie nini. Asajile hakutaka kulia mbele za watu, basi akatafuta neno jepesi la kusema.

"Aa, ndugu yangu. Hata mboji yangu imekosa wa kuigeuza."

Watu wakacheka kwa huruma, wakaagana. Asajile alilisahau neno lile kabla hajavuka mto.

Alhamisi daktari alimwita chumbani kwake. Majibu ya Dar yalikuwa mezani.

"Shikamoo, mzee. Nyumbani kwako kuna kitu gani kinachooza?"

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Asajile alichangamka. Akaeleza lundo lake lote, jinsi anavyopanga tabaka, jinsi linavyochemka, jinsi mama anavyoota joto pale asubuhi. Akaeleza na miparachichi na dawa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukazidi kuwa mzito.

"Mzee wangu, kila kiumbe, hata kuvu, kina jeni. Ni maagizo ya mwili wake, kinawarithisha watoto wake. Kuvu hii ina jeni za kuvumilia joto. Lundo lako linachemka kupita mtu yeyote mwenye homa. Iliyozaliwa humo, ikiingia kifuani mwa mama, inaona imefika kwenye ubaridi."

"Sasa vidonge?"

"Vidonge ni ndugu wa damu na dawa unayopulizia miti. Vinaishika kuvu mahali pamoja tu. Majibu yanasema jeni ya mahali hapo imebadilika. Dawa inafika, inakosa pa kushika. Kuvu dhaifu zilishakufa kwenye matawi yako, mzee. Iliyobaki ndiyo hii."

"Kwa hiyo nimeifuga mimi."

"Siwezi kuapa. Hizi mbegu za kuvu ziko kila mahali, hata humu ndani. Lakini mama alikuwa anakaa kando ya lundo."

Asajile aliona aibu, akaona na hofu, na hofu ikaishinda aibu. Aliuliza kama mkewe atakufa. Daktari alisema ipo dawa nyingine, ya sindano, inakuja kutoka Mbeya wiki ijayo, na inafaa kwa kuvu kaidi kama hii. Mama mwenyewe alikuwa ameng'ang'ania akaisubirie nyumbani, kwa kuwa amechoka kulala wodini. Daktari alikubali kwa shingo upande.

"Ila akivuta tena unga wa lile lundo kabla ya sindano, pafu halitahimili. Nenda sasa hivi. Usilipindue. Limwagie maji mpaka litote, lifunike turubai, mtu asiliguse. Na mama asivue barakoa mpaka awe ndani na mlango umefungwa."

Walikubaliana Alinanuswe afuate na teksi akiwa na dada yake, Hellen. Asajile alidaka bodaboda, akamwambia kijana akimbize. Njia nzima alipanga mambo kichwani: ndoo, turubai la kuanikia maharage, mawe ya kulikandamiza. Siku zile mvua ilikuwa imekata na barabara ilitimka vumbi.

Bodaboda ilipokata kona ya mwisho alisikia wimbo wa kanisani, sauti nyingi, na majembe yakigonga.

Ua ulijaa watu. Nyuma ya jiko, pale palipokuwa na lundo, palibaki duara jeusi likifuka moshi. Mboji yote ilikuwa imetandazwa, imezunguka kila mgomba hadi chini ya dirisha la chumba cha kulala. Blanketi za Alinanuswe walikuwa wamezifua na kuzianika kambani, na juu yake ulikuwa umetua unga wa kijivu. Ulikuwa kwenye nyusi za watu pia, na bado ulielea uani.

Lugano alimjia akicheka, mikono miwili mbele.

"Tulikusikia Jumapili, ndugu yangu. Tukasema kugeuza tu haitoshi, tumalize kabisa, mgonjwa akirudi akute pamependeza. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nyuma ya Asajile teksi ilisimama. Aligeuka akakimbilia mlango wa gari, akipunga mikono kuwaambia warudi, na watu walipomwona wakadhani ni furaha, wakaongeza wimbo. Hellen alishaufungua mlango upande wa pili. Alinanuswe alikuwa tayari amesimama, ameshika bega la dada yake, barakoa usoni, akiwatazama wale watu wote na majembe yao.

"Alinanuswe, ingia ndani ya gari," Asajile alisema. "Ingia, nakuomba."

Hakumsikia. Lugano alikuwa ameinama kumpa pole, na wengine nyuma yake, kila mmoja na salamu yake.

Alinanuswe alishusha barakoa hadi kidevuni. Machozi yalimlengalenga. Akavuta pumzi ndefu kadiri kifua chake kilivyoweza, ili sauti iwafikie hata waliosimama mbali, chini ya migomba.

"Ndaga fijo," aliwaambia. "Asanteni sana."