Waziri wa Ulinzi na Ombi la Mama Yake

Siku alipoapishwa kuwa Waziri wa Ulinzi, ndugu na majirani walimpa mkono mpaka vidole vikamuuma. Mama yake peke yake hakusema hongera. Alimvuta kando, akamnong'oneza:

"Sasa jeshi lote liko chini yako, mwanangu. Nirudishie Mluzi wangu."

Mluzi alikuwa kaka wa waziri, wa tumbo moja. Jina alilipata kwa kupiga mluzi tangu konani, ili dada yake huyu, waziri wa leo, amfungulie mlango kabla baba hajajua kuwa kachelewa. Alikuwa koplo alipopelekwa kulinda amani nchi jirani. Gari lao lilishambuliwa njiani. Wenzake walirudi ndani ya majeneza. Yeye hakurudi kwa namna yoyote.

Ofisini, ukuta mzima ulikuwa na picha za mawaziri waliopita. Wa mwanzo walivaa magwanda, maana zamani kiti kile kilikuwa cha majenerali, na rais mmoja alikikalia mwenyewe kwa kumwogopa kila aliyekisogelea. Baadaye sheria ikageuzwa: waziri awe raia, ili bunduki imsikilize asiye na bunduki. Picha ya mwisho ilikuwa ya yule aliyetia sahihi kikosi cha Mluzi kiende. Alikuwa na uso wa babu mpole. Waziri alijaribu kumchukia, akashindwa.

Akamwita Mkuu wa Majeshi.

"Mheshimiwa, sitakuficha," alisema jenerali, kofia mapajani. "Tulitafuta mpaka mto wa kule ukafurika, ukatuzuia. Ukiniamuru, nitapeleka vijana tena. Lakini kule bado hakujatulia. Tutamtafuta mmoja, tupoteze wengine."

"Na angekuwa kaka yako?"

Jenerali alitazama chini. "Ningeshukuru kwamba kiti hicho si changu."

Neno lilikuwa limemjaa mdomoni: nendeni. Neno moja tu, na magari yangewashwa. Alimwona Mluzi amesimama mahali fulani, kadhoofu, ndevu zimemjaa, akingoja. Akalimeza neno lile kama anayemeza mwiba.

"Waache," alisema.

Jumapili alikwenda kwa mama yake, akamkuta jikoni akichambua mchele.

"Nimeshindwa, mama. Wanajeshi wataenda nikiwaambia. Ndiyo maana sikuwaambia."

Mama alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa kando.

"Na wao wana mama zao," alisema. "Nilijua hata nilipokuomba. Lakini ningemwomba nani mwingine?"

Mheshimiwa akaketi sakafuni na suti yake, akaegemea goti la mama. Mlinzi wake alichungulia mlangoni, akarudi nyuma taratibu.

"Nisimulie habari za Mluzi," alimwambia mama.

"Zipi?"

"Zozote. Hata za uongo."

Mama akacheka, akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mchele, akaanza na siku Mluzi alipojifungia chooni kukwepa sindano, mpaka daktari mwenyewe akambembeleza kwa peremende.